Hesabu Ifuate Bango la Sheli

Haya niliyasema kwenye mkutano wa madereva na wenye magari, Uyole, Mbeya. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka, maana wengi walikuwa safarini na wamekuwa wakiniuliza nilisema nini.

Mwenyekiti, wazee wangu wa malori, ndugu zangu wa kosta na noa, makonda, mataniboi, na nyie matajiri mliokubali kuacha biashara zenu ili mkae na madereva wenu chumba kimoja: habari za asubuhi.

Katibu aliponipigia simu aliniambia nije nifundishe namna ya kupata dizeli ya bei nafuu. Nikamwambia mimi ni fundi wa pampu za injini za dizeli, sina sheli wala sina mjomba bandarini. Akanijibu, "Njoo hivyo hivyo." Basi nimekuja. Na nitasema mambo ambayo tumbo langu halipendi niyaseme, kwa sababu mafuta mabaya ndiyo yanayoniletea wateja.

Hasira zenu nazijua, nazisikia gereji kila siku. Mei 2022 bei kikomo ya dizeli Dar es Salaam ilitangazwa shilingi 3,258 kwa lita. Mnakumbuka kelele za mwezi ule, mpaka Serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia Juni. Oktoba 2023 dizeli ikafika 3,448, Dar hiyo hiyo. Sisi wa huku juu tunaongezewa gharama ya kuyatoa mafuta bandarini, zaidi ya kilomita 800. Yaani dereva wa Mbeya akijaza tenki analipia na wese lililonywewa na lori lililomletea wese, Kitonga yote, Mafinga yote, Makambako, mpaka hapa Uyole.

Sababu za bei kupanda sitazikalia. Mafuta yetu yote yanaagizwa nje kwa dola, kwa pamoja, kupitia wakala wa uagizaji. Soko la dunia likitikisika, au shilingi ikiteleza, sisi tunakuja kuliona bangoni wiki kadhaa baadaye. Juu ya hapo kuna kodi na tozo za kila lita, na hizo ni kiasi maalumu cha shilingi: soko likishuka, zenyewe hazishuki. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa ajili ya barabara, mwaka 2023 ikaongezwa nyingine 100 kwa ajili ya miradi mikubwa. Barabara tunazitumia sisi, sikatai. Lakini mtu asije akamwambia dereva kwamba bei yote imetoka Uarabuni.

Kuna swali ambalo lazima mtu atauliza, kwa hiyo nilimalize mapema. Bomba la TAZAMA linapita hapa hapa kwetu likielekea Ndola, kilomita 1,710 kutoka Dar. Zamani lilikuwa linabeba mafuta ghafi ya kusafishwa Zambia, na tangu 2023 linapeleka dizeli. Sasa dizeli inapita chini ya miguu yetu, mbona sheli ya Mbeya iko juu kuliko ya Dar? Kwa sababu ile ni dizeli ya Zambia, na yetu inaletwa na lori. Kwamba iendelee hivyo milele ni jambo la kuwauliza wabunge wetu, na mimi nitakuwa wa kwanza kusaini karatasi ya kuwauliza. Ila leo hatuna hilo bomba, tuna bango.

Nafuu ya halali ipo, ni ndogo, na wengi hamuitumii. Bei ya EWURA, mamlaka inayodhibiti mafuta, ni kikomo, maana yake kituo hakiruhusiwi kupita hapo, ila kushuka kinaruhusiwa. Sheria inawataka waweke bango linaloonekana, na kama wana punguzo walionyeshe. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi bei mpya inaanza. Ukipiga *152*00# ukafuata maelekezo unaipata ya mji wako, na ya Makambako, na ya Iringa, na ya Dar. Wa malori mnajua kwamba kadiri unavyosogea bandarini lita inapungua bei, lakini bado naona mtu anaondoka Dar na nusu tenki halafu anakuja kujaza Tunduma. Na ile tabia ya vituo kukwambia Jumatatu na Jumanne "mafuta yameisha", halafu Jumatano asubuhi pampu zote zinacheka, hiyo toeni taarifa. EWURA wana ofisi ya kanda hapa hapa Mbeya mjini. Kuna vituo vilifungiwa mwaka 2023 kwa mchezo huo. Kama unahisi pampu inakupunja, mwombe muuzaji akupimie kwa kipimo cha lita 20 cha chuma, na angalia stika ya Wakala wa Vipimo kama ni ya mwaka huu. Dada zetu wa kwenye pampu wasionewe lakini. Yule ameajiriwa tu, ongea na meneja wake.

Sasa tuingie kwenye dumu.

Najua mnaponunulia dizeli ya dumu. Sitataja vijiji, kwa sababu na wao wana watoto, na kwa sababu nyie mnavijua kuliko mimi. Dumu la lita 20 limewekwa barabarani na mpira wa kunyonyea mafuta umelala juu yake, au mtu amesimama na kifuniko mkononi. Bei iko chini kwa shilingi mia tatu, mia nne. Tuseme mia nne. Ukinunua madumu matatu umeokoa 24,000. Ni hela, siwezi kusema si hela.

Ile dizeli imetoka wapi? Safari nyingine imenyonywa kwenye tenki la lori la mtu kama wewe. Hiyo angalau ni dizeli, ingawa imeibwa. Safari nyingine imetoka kwenye mafuta ya kwenda nje, ya Zambia au Kongo, ambayo hayajalipiwa kodi ya hapa. Ndiyo maana tangu 2010 mafuta ya ndani yanawekwa vinasaba, yaani alama ya kuyatambulisha: mkaguzi akichukua sampuli kwenye tenki lako na vinasaba havimo, maelezo utayatoa wewe, aliyekuuzia atakuwa ameshahamisha mpira wake. Na safari nyingine ni dizeli iliyoongezwa kitu. Miaka ile mafuta ya taa yalipokuwa rahisi yalimwagwa humo bila aibu, mpaka bajeti ya 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili pengo lizibwe. Mchezo ukapungua, haukuisha. Siku hizi nakutana na vitu ambavyo hata mimi sijui niviite nini.

Niwaambie ninachokiona nikifungua pampu, maana nyie mnaona moshi tu, mimi naona ndani.

Pampu ya dizeli haina oili yake ya kulainisha pale kwenye plunja, kile chuma kinachosukuma dizeli. Inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita. Plunja na nyumba yake zimesagwa zikakaribiana kiasi kwamba unywele haupiti. Dizeli nzuri ina utelezi. Mafuta ya taa ni mepesi na makavu, hayana utelezi huo. Kwa hiyo ukiyaweka, gari litawaka, litakwenda, na utasema "fundi ana wivu". Ndani chuma kinakula chuma. Nikiifungua, plunja ambayo ilitakiwa kung'aa nakuta ina mistari ya urefuni, unaisikia kwa ukucha. Pampu haishiki tena presha. Asubuhi ya baridi gari linagoma kuwaka, mnaanza kulisukuma, mnasema betri.

Nozo, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, nazo ni hivyo hivyo. Nozo nzima ikiwa kwenye mashine ya kupimia inapuliza dizeli kama ukungu wa Uporoto asubuhi, huwezi kuona tone. Iliyokula maji na uchafu wa dumu inakojoa. Dizeli inayodondoka kwa matone haiungui yote. Nusu inatoka nyuma ikiwa moshi mweusi, nyingine inaosha ukuta wa silinda na kushuka kwenye oili. Chomoa dipstiki ya gari la namna hiyo unuse: oili inanuka dizeli. Kwa hiyo umenunua lita kwa mia nne pungufu, halafu gari linakunywa zaidi kwa sababu ya lita ile ile. Na hapo nasemea pampu za zamani, zenye uvumilivu. Haya magari mapya ya komoni reli, yale ya presha kubwa yanayoongozwa na kompyuta, hayasamehi. Nozo moja ni laki kadhaa, lori lina sita, na ikishaharibika moja, zile tano zinakuwa njiani zinakuja. Ile 24,000 yako ipigie hesabu hapo.

Kama ni lazima, gari limekuishia porini na dumu ndilo lililopo, basi fanya hivi. Tafuta chupa ya maji iliyo safi, ile ya plastiki inayoonyesha, mimina dizeli humo uiache itulie. Maji yatakaa chini, utayaona mstari. Rangi ya maziwa maana yake maji yamechanganyika humo. Halafu ukifika, fungulia filta ya chini umwage maji, usisubiri taa iwake. Filta ni bei ya kuku. Pampu ni bei ya ng'ombe, na si ng'ombe mmoja.

Kuna jingine la mafuta ya kunyonya ambalo silisemi kama fundi. Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilianguka, watu wakaja na madumu, likalipuka. Walikufa zaidi ya 100. Njia yetu hii ina malori ya mafuta usiku na mchana, na kila likianguka bado naona watu wanakimbilia kule kule walikotakiwa kukimbia kutoka. Dereva ukifika kwenye tukio la namna hiyo, wewe ndiye unayejua. Piga kelele watu waondoke.

Sasa frii. Hapa naomba mnisikilize, hata wale wa kwenye simu.

Dereva akipewa mafuta ya kubana, cha kwanza anachofikiria ni kushuka milima kwa frii. Anashuka Kitonga na shaba ya Kongo mgongoni, uzito wote karibu tani 56, gia ameitoa, anasikilizia upepo. Inyala hivyo hivyo. Iwambi kuja Mbalizi hivyo hivyo. Ukimuuliza anasema anabana wese.

Habani chochote. Sikilizeni namna injini inavyofanya kazi. Gari likiwa kwenye gia, na umetoa mguu kwenye mafuta, matairi ndiyo yanayoizungusha injini. Pampu ya zamani ina gavana, kidhibiti cha dizeli, ambayo hapo inaikata. Gari la kisasa kompyuta inafunga nozo kabisa, mteremko mzima unashuka bila kunywa. Ukitoa gia, injini imeachwa peke yake, na ili isizime inabidi inywe ya kuunguruma. Kwa hiyo aliyeshuka na gia ametumia dizeli kidogo kuliko aliyeshuka frii. Halafu yule wa frii breki zake zimebeba tani zote hizo peke yake, zinachemka mpaka zinaacha kushika. Akijaribu kurudisha gia katikati ya mteremko, haiingii. Hakuna mtu humu asiyejua yanayofuata. Tumezika watu wa kosta, tumezika wamama wa ndizi waliokaa pembeni ya barabara, na mwisho wa siku hata lita moja haikuokolewa. Shuka na gia uliyopandia, eksozi breki imefungwa, mguu umepumzika.

Mengine ya kubana kweli yapo na nitayapita haraka. Upepo wa matairi, pimeni yakiwa ya baridi. Filta ya hewa, hasa Fuso zinazotoka Umalila na viazi kwenye vumbi lile. Na lumbesa: mnapakia gunia lenye kichwa juu ya gunia lenye kichwa, halafu mnashangaa gari linakunywa. Wanaokuja kuniambia "fundi, nifungulie pampu kidogo ipande Mlima Nyoka" nimechoka nao. Hewa ya Mbeya ni nyepesi kuliko ya Dar. Nikikufungulia, dizeli itaongezeka lakini hewa ya kuichoma haipo, na ile ziada inatoka bomba la nyuma ikiwa nyeusi. Wewe unasema gari lina nguvu. Halafu kuna kulala injini inawaka. Lori likisimama linaunguruma linakunywa lita mbili mpaka tatu kwa saa. Foleni ya Tunduma usiku mmoja, tuseme muda wa saa nane, ni kama lita 20, dumu zima. Makambako mwezi wa saba baridi inauma, naelewa. Nunua blanketi nzito.

Matajiri, zamu yenu imefika. Msinikunjie uso, nyie ndio mnaonilipa.

Huyu dereva kwa nini ananunua dumu? Kwa nini anatoa gia? Mkisema ni tabia, mmejibu nusu. Nusu nyingine iko kwenye namna mnavyogawana bei. Daladala: dereva anakuletea hesabu, yaani hela yako ya siku, ile ile kila jioni, wese ananunua yeye, kinachobaki ndiyo mshahara wake na wa konda. EWURA ikitangaza, hesabu yako haitikisiki hata shilingi. Nauli nayo haiwezi kupanda kwa sababu inapangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na LATRA hawabadilishi kila mwezi. Nauli zilipanda Mei 2022, zikapanda tena Desemba 2023, basi la kawaida likatoka shilingi 41.29 kwa kilomita likaenda 48.47. Katikati ya hapo bango la sheli lilikuwa linabadilika mwezi hadi mwezi. Nani alibeba tofauti? Yule kijana aliyeshika usukani. Halafu tunamlaumu akijaza abiria mpaka mlangoni.

Kwenye malori ni hivyo hivyo kwa sura nyingine. Tajiri anatoa hela ya mafuta ya safari, hela, si lita. Bei ikipanda mia mbili, na safari inataka tuseme lita 450, hapo 90,000 imeyeyuka na hakuna aliyempigia dereva kumwambia. Ataifidia wapi? Kwenye frii na kwenye dumu. Na wengine, tuseme ukweli tukiwa wenyewe, mnapewa lita za kutosha na mnaziuza. Nyie ndio mnaowafanya matajiri wabane hata waaminifu. Ile dizeli unayoiuza kwa kijana wa mpira, kesho mwenzako anainunua ikiwa imeshaongezwa kitu, na keshokutwa yuko kwangu.

Ninachopendekeza ni hiki. Kwa malori, tajiri atoe lita, zikatwe kwenye sheli moja au mbili zinazoaminika, gari lipimwe fulu kwa fulu, tenki limejaa kuondoka na linajazwa tena kurudi, na idadi ya lita ifuate njia na mzigo: kwenda na shehena ni yake, kurudi tupu ni yake. Kitakachobaki wagawane nusu kwa nusu, kwa fedha taslimu, mbele ya karani. Dereva akijua lita aliyoibana kwa gia na kwa mguu ni hela yake halali, hatahitaji kumtafuta mwenye mpira.

Kwa daladala, hesabu ifuate bango. Tuseme kosta inakunywa lita 40 kwa siku. Jumatano ya kwanza dizeli imepanda 150. Hiyo ni 6,000 kwa siku. Tajiri apunguze hesabu 3,000, dereva abebe 3,000. Na madereva, acheni kupiga makofi, sijamaliza. Ikishuka 150, mnarudisha 3,000 juu ya hesabu siku hiyo hiyo, bila kusubiri tajiri akumbuke. Najua humu kuna watu ambao bango likishuka wanakuwa vipofu.

Nimeandika karatasi ya ukurasa mmoja, iko kwa katibu. Ina namba ya gari, lita za siku mlizokubaliana baada ya kupima, bei ya sheli ya siku ya kusaini, na nani anabeba nini bei ikibadilika. Mkataba wa ajira ni kitu kingine na mnatakiwa kuwa nao. Hii ni ya wese tu. Anayetaka gari lake lipimwe linakunywa kiasi gani, alilete gereji wiki hii, kupima sitozi. Kufungulia pampu ndiyo sifanyi tena.

Tunaweza kuanza Jumatano ya kwanza ya mwezi ujao. Naona mzee wetu mwenye kosta ameinua mkono tangu nilipotaja elfu tatu. Mpeni kipaza sauti.